Habari za Bawa na Upepo

Mwaka 1932 ndege za kampuni ya Imperial Airways zilianza safari za kupeleka barua na abiria kutoka London hata Cape Town, na Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege zilishuka Mbeya zikitoka Dodoma, kisha zikaendelea kusini hata Mpika. Miaka themanini na minane baadaye, mwaka 2020, mitambo mitatu ya upepo ilianza kutoa umeme katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 800. Hilo ndilo shamba la kwanza la upepo la kutoa umeme katika Tanzania.

Mtu akitazama upesi atadhani mambo haya mawili hayana udugu. La kwanza ni chombo kinachokwenda angani. La pili ni mnara uliosimama mahali pamoja. Lakini kama tungeweza kukata panga moja la mtambo wa Mufindi kwa msumeno, kama tukatavyo muwa, na kukata vivyo hivyo bawa la ndege, tungeona kwamba ni watoto wa mama mmoja. Mbele ni nene na mviringo, nyuma ni jembamba kama makali ya kisu, na mgongo umebinuka mfano wa samaki. Bawa la ndege hukimbia likiutafuta upepo; panga la mtambo hungoja upepo uje; lakini kazi yao ni moja.

Basi, umbo hili lilitoka wapi? Nani aliyelichonga kwanza, na alijuaje kwamba ni hilo wala si jingine? Hatuziandiki habari hizi kwa kupendeza tu. Twaziandika kwa sababu sisi walimu tulikosa katika jambo hili, na kwa kuwa tulikosa mbele ya watoto, yafaa tujisahihishe mbele ya watu.

Kosa letu lilikuwa hili. Kwa miaka mingi tulifundisha darasani ya kuwa hewa ikifika mbele ya bawa hugawanyika, nyingine hupita juu na nyingine chini. Tulisema njia ya juu ni ndefu kwa ajili ya ule mbinuko, kwa hiyo hewa ya juu haina budi kukimbia ili ikutane na mwenzake nyuma kwa wakati mmoja. Tuliyasoma haya vitabuni, tukayaandika ubaoni, na watoto wakayanakili. Hata siku moja msichana mmoja akasimama akauliza, “Mwalimu, hewa iliyopita juu hujuaje kwamba inangojwa nyuma?” Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tukaanza kutafuta, na katika kutafuta tukakuta historia ambayo kila mwalimu angefaidika kuijua.

Zamani watu walijaribu upepo kwa ajili ya vinu vya kusaga nafaka. Mwaka 1759 fundi Mwingereza John Smeaton, yule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, alisoma mbele ya wataalamu wa London habari za majaribio yake juu ya magurudumu ya maji na vinu vya upepo. Alitengeneza vipande vidogo vya tanga la kinu, akavifunga kwenye ncha ya mkono mrefu wa mbao, akauzungusha mkono huo ili tanga lipate upepo. Kazi yake ilikuwa njema, akapewa nishani. Lakini pamoja na majaribio yake alitia jedwali alilopata kwa mwenzake, Bwana Rouse, lionyeshalo jinsi upepo usukumavyo ubao bapa. Kutoka katika jedwali lile watu walitoa tarakimu moja, 0.005, wakaiita kwa jina la Smeaton.

Maana yake ni rahisi. Chukua ubao wa mraba, futi moja kila upande, uuelekeze kwenye upepo wa maili 20 kwa saa. Tarakimu ile yasema upepo utausukuma kwa nguvu ya ratili 2. Kweli yake ni ratili 1 na karibu theluthi moja. Tofauti hii si ndogo. Mtu ajengaye bawa kwa tarakimu ile atafanya hesabu, ataridhika, atapanda, na bawa halitamchukua. Hata hivyo tarakimu hiyo iliandikwa na kunakiliwa kitabu hata kitabu kwa zaidi ya miaka mia. Wako waliopima wakapata ndogo zaidi, kama Samuel Langley wa Marekani, lakini wengi walishika ile ya zamani kwa kuwa ilikuwa na jina kubwa.

Mkono wa kuzungusha nao ulikuwa na ila. Ukizunguka kwa muda, huikokota hewa ya chumbani, na bawa hurudi kupita katika hewa ile ile iliyokwisha kuvurugwa, kama mtu apepetaye mahindi mahali ambapo makapi yake yanamrudia usoni. Kwa hiyo Mwingereza mwingine, Francis Wenham, aligeuza jambo. Alisema, bawa na likae kimya, upepo ndio uje. Mwaka 1871 alijenga huko Greenwich sanduku refu la mbao lililo wazi pande zote mbili, lenye feni iliyoendeshwa kwa mvuke, akaweka mabapa yake mbele ya upepo utokao humo. Hili lilikuwa sanduku la kwanza la upepo duniani. Baada yake Horatio Phillips alitengeneza sanduku jingine, akavuta hewa kwa nguvu ya mvuke ili iende sawasawa zaidi. Mwaka 1884 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mapanga yaliyobinuka, yenye mgongo wa juu uliopinda kuliko tumbo la chini. Hapo ndipo umbo la samaki lilipoanza kuonekana.

Ujerumani alikuwako Otto Lilienthal. Tangu utoto wake katika mji wa Anklam aliwatazama korongo weupe, ndege wale wale ambao, baridi ya Ulaya ikianza, husafiri hata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Lilienthal alipima mabapa yaliyopinda, akaandika kitabu mwaka 1889, na humo akatia jedwali la nguvu za kuinua. Kisha akajitengenezea mabawa ya fito na kitambaa, akaruka kutoka vilimani karibu mara 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimgeuza, akaanguka na kuvunjika mgongo, na kesho yake akafa.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na duka la baisikeli mjini Dayton, walishika kazi hiyo. Walitengeneza mabawa yao ya kwanza kwa kufuata vitabu: jedwali la Lilienthal na tarakimu ya Smeaton. Mwaka 1901 walipoyajaribu huko Kitty Hawk, mabawa yaliinua karibu theluthi moja tu ya uzito uliohesabiwa. Wakarudi nyumbani wamevunjika moyo. Palikuwa na njia mbili mbele yao: kuacha, au kuyatilia shaka yaliyoandikwa na wakuu wao. Wakachagua ya pili, lakini wakaichagua kwa adabu ya fundi, yaani hawakubishana kwa maneno, walipima.

Kwanza walifunga gurudumu la tatu juu ya usukani wa baisikeli, limelala, laweza kuzunguka huku na huku. Upande mmoja wakaweka kibapa kilichopinda, upande wa pili kibao bapa, wakaendesha baisikeli kwa nguvu njiani. Kama vitabu vilikuwa vya kweli, gurudumu lingetulia. Halikutulia. Ndipo wakajenga sanduku la upepo, urefu wake futi 6, upana na kimo chake inchi 16, na feni iliyozungushwa na injini ya karakana yao.

Mabawa waliyoyajaribu humo ndiyo hasa tunayotaka wasomaji wayaone kwa macho ya moyo. Yalikuwa madogo, ya kushikwa kwa vidole. Waliyakata kwa mkasi wa bati katika mabati membamba ya chuma, wakayapinda kwa nyundo, wakayasawazisha kwa tupa, na walipotaka unene wakaongeza nta au kulehemu. Mizani yao waliifanya kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoki za baisikeli. Mtu asiyejua angepita mezani pale akadhani ni takataka za karakana. Lakini ndani ya miezi miwili, mwishoni mwa 1901, walikuwa wamejaribu maumbo kama 200, na karibu 50 kati ya hayo wakayapima kwa taratibu kamili, pembe baada ya pembe. Wakati wa kupima hawakuruhusu kitu chochote chumbani kihamishwe, kwa kuwa hata jambo dogo liliweza kuugeuza upepo.

Tena mizani yao ilikuwa na hekima ya pekee. Haikuuliza, “Upepo huu una kasi gani?” wala haikutumia tarakimu ya Smeaton. Ililiweka bawa na vibapa vya kulinganishia katika upepo mmoja, nguvu ya hili ikashindana na nguvu ya vile. Upepo ukiongezeka, huongezeka kwa wote. Ukipungua, hupungua kwa wote. Hivyo kosa la kitabu halikupata mlango wa kuingia. Nao walipoyarudia maandiko ya safari zao za Kitty Hawk wakaona kwamba tarakimu ya kweli ni karibu 0.0033. Wakaona na jambo jingine la haki: Lilienthal hakuwa amekosa kama walivyodhani. Jedwali lake lilifaa kwa umbo alilolipima yeye; wao ndio waliolitumia kwa umbo jingine.

Mwaka 1902 walitengeneza mabawa mapya, marefu na membamba zaidi, nayo yakawachukua vema. Kisha wakatambua kwamba pangaboi la ndege si parafujo ya kupenya hewani, bali ni bawa linalozunguka. Wakachonga lao la mbao kwa hesabu hizo hizo. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12, mwendo wa futi 120. Kutoka pangaboi lile mpaka panga la Mufindi ni ukoo mmoja, ila moja lausukuma upepo na jingine lasukumwa nao.

Baada yao kazi ya kutengeneza mabawa ya kujaribia ikawa ufundi wenye sheria zake. Fundi huchora kwanza sura ya bawa kwa ukubwa ule ule atakaoufanya. Hukata vigezo vya bati, kimoja cha mgongo na kimoja cha tumbo. Huchagua mbao iliyokauka kabisa, au huunganisha vipande vingi kwa gundi ili bawa lisipinde baadaye. Au hutumia shaba nyeupe au alumini. Hupunguza kwa randa, kisha kwa tupa, kisha kwa msasa, na kila mara huweka kigezo na kuinua kazi yake mbele ya taa. Mwanga ukipenya kati ya kigezo na bawa, bado. Sehemu ya mbele ndiyo yenye kutaka uangalifu kuliko zote, kwa maana hapo hewa hugawanyika, na kijongo kisichoonekana vizuri kwa macho huweza kuharibu hesabu yote ya nyuma.

Akitaka kujua jinsi hewa inavyokandamiza kila mahali, hutoboa vitundu vidogo mno mgongoni na tumboni, na kutoka kila kitundu hupitisha mrija mwembamba ndani ya bawa hata kwenye safu ya vioo vyenye maji. Hewa ikivuta, maji hupanda, ikisukuma, hushuka. Ukingo wa kitundu ukiwa na chembe ya chuma iliyobaki, kioo kitasema uongo. Tena bawa hufanywa lifike ukuta hata ukuta wa sanduku, ili hewa isikimbilie kuzunguka ncha zake.

Lilibaki fumbo moja. Bawa dogo katika upepo wa polepole halitendi kama bawa kubwa katika upepo wa kasi. Osborne Reynolds wa Manchester alikuwa ameonyesha mwaka 1883 kwamba tabia ya kitu kinachotiririka hutegemea ukubwa, kasi, uzito na utelezi wake kwa pamoja. Wamarekani wa baraza la urukaji lililoitwa NACA walipata dawa: katika miaka ya 1920 walijenga sanduku la upepo ndani ya pipa kubwa la chuma, wakaijaza hewa iliyoshindiliwa hata mara 20. Hewa ikiwa nzito hivyo, bawa dogo hutenda kama kubwa. Mwaka 1933 walitoa taarifa ya maumbo 78, kila moja na namba yake. Namba 2412, kwa mfano, yamaanisha mbinuko wa sehemu 2 katika 100 za upana wa bawa, kilele chake kikiwa katika sehemu ya 40 kutoka mbele, na unene wa sehemu 12. Ndege ndogo ya Cessna 172 ina bawa la namba hiyo.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu, tuliona haya kusoma tu. Tukawakusanya wanafunzi, yule msichana akiwamo, tukatengeneza sanduku la mbao za misonobari ya Sao Hill. Feni ya mezani ikawa upepo wetu. Mbele yake tukapanga vipande vya matete, vyote vimelala upande mmoja, ili hewa inyooke. Mizani ilikuwa fimbo nyembamba juu ya makali ya kisu, na uzito wetu ulikuwa punje za mtama. Bawa letu la kwanza, la mbao, liliharibika kwa sababu mbao ilikuwa mbichi. Asubuhi tulilikuta limepinda kama pembe ya ng’ombe. Bawa la pili tulilikata katika debe la mafuta ya taa, tukalipinda juu ya chupa. La tatu lilikuwa bati bapa, lenye ukubwa ule ule.

Bati lililopinda liliinua punje nyingi kuliko bati bapa. Hapo yule msichana akachukua uzi, akapima mgongo wa bati lililopinda, kisha tumbo lake. Kwa kuwa bati ni jembamba, urefu ulikuwa karibu sawa. Akasema, “Basi njia ya juu si ndefu, na bado lainua.” Kwa neno hilo somo letu la miaka mingi lilianguka. Na kama tungalikuwa na macho, mabati ya akina Wright yangalituambia tangu mwanzo, kwa maana nayo yalikuwa membamba vivyo hivyo.

Kweli ya jambo ni hii. Hewa ya juu haimngoji wala haimkuti mwenzake. Katika bawa linaloinua, hutangulia na kumwacha nyuma. Mwaka 2003 Profesa Holger Babinsky wa Cambridge aliwaandikia walimu wa fizikia jambo hilo hilo, akawaonyesha kwa moshi uliokatwa vipande jinsi ule wa juu unavyofika kwanza. Bawa huinua kwa sababu huipinda njia ya hewa na kuitupa chini. Pale njia inapopindwa juu ya mgongo, mkandamizo hupungua. Na chini ya tumbo huongezeka. Bawa huenda juu. Tulibandika nyuzi fupi za pamba mgongoni mwa bawa letu tukaona zimelala vizuri zikifuata mbinuko. Tulipoinua pembe kupita kiasi, nyuzi zikachafuka na kugeuka nyuma, na punje za mtama zikashinda. Ndipo watoto walipoelewa kwa nini rubani huogopa kuinua pua ya ndege mno.

Kwetu nyanda za juu jambo hili lina uzito zaidi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito wa kama sehemu 85 katika 100 za hewa ya pwani. Bawa lililochukua mzigo Dar es Salaam kwa kasi fulani halitauchukua huku kwa kasi ile ile. Rubani hana budi kukimbia mbio ndefu zaidi. Mapanga ya Mufindi nayo hupata nguvu pungufu katika upepo wa kasi ile ile. Anayenakili tarakimu ya pwani na kuitumia mlimani anarudia kosa la waliomnakili Smeaton.

Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi, na vijana wetu hufundishwa humo uhandisi. Wengine watasimama siku moja mbele ya vyombo ghali, na mashine zitakazochonga bawa zenyewe kwa amri ya kompyuta. Hata hapo mkono utataka msasa, na jicho litataka kigezo, kwa maana mashine inayojenga bawa kwa tabaka huacha vingazi vidogo mgongoni.

Yule msichana tulimwita mbele ya darasa, tukafuta ubaoni ule mchoro wa zamani, tukamwambia achore mpya. Walimu wenzetu ambao bado wanalo somo lile katika madaftari yao, twawasihi walifute, na kabla ya kuandika jipya wakate debe moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.